Wapweke wa Chungu cha Amongin

Kabla sijaanza, tuelewane. Humu ndani hamna neno hata moja la uongo. Mke wangu Zilpa akisoma atatikisa kichwa, lakini huyo hutikisa kichwa hata nikimwambia nje kunanyesha na yeye mwenyewe ameingia ameloa. Nimeapa kanisani, nimeapa mbele ya chifu, na sasa naapa mbele yako wewe unayesoma: mambo ya Sharlyne na ule mchezo wa simu yalitokea hapa Malaba vile nitakavyoyaeleza. Kama kuna chumvi imeingia, ni ile ya kuonja tu.

Mimi ni Zephaniah. Kwetu ni Busibwabo, lakini nilijenga hapa Malaba wakati nikiendesha trela kwenda Kampala na Juba, mpaka macho yakaanza kugombana na taa za usiku na kampuni ikaniambia asante. Kustaafu ni ugonjwa. Mtu aliyezoea magurudumu yakiunguruma chini yake hawezi kuambiwa sasa kaa kwenye kiti cha plastiki upumzike. Mguu wangu wa kulia unakanyaga mafuta hata nikiwa kitandani, muulize Zilpa, ana alama. Asubuhi natoka, nafika kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka, nawaeleza madereva vile wamejipanga vibaya, wananifukuza, narudi nyumbani. Nikimaliza chai natoka tena.

Katika kurandaranda huko ndiko nilikoingia kwa Bilal.

Duka la Bilal liko nyuma kidogo ya soko. Ni chumba cha mabati chenye viti vya plastiki, waya za kuchajia simu zinazoning'inia kila mahali, na skrini moja kubwa ukutani. Ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa kilabu cha Mama Amongin, ambako watu huketi kuzunguka chungu cha ajon, ile pombe ya nafaka ya wimbi ya Wateso, kila mtu na mrija wake mrefu. Bilal ni mtu wa swala tano na pombe haigusi. Alikuwa ameziba kila tundu la msumari kwenye mabati yale kwa gundi, lakini sauti haizibiki. Ukikohoa upande huu, upande ule wanakuambia pole.

Dukani kwa Bilal watu walicheza gemu moja tu, Ngome. Watano upande huu, watano upande ule, kila upande na mnara wake. Ukivunja mnara wa wapinzani umeshinda na unapanda, ukivunjiwa unashuka. Unaanzia Udongo, unapita Chuma na Shaba na Fedha, na ukifika Dhahabu hata wasiokujua wanakusalimia. Ligi yenyewe ilitengenezwa na Janat, dada yake Bilal, aliyesomea kompyuta na anakaa mjini Busia. Mashine yake ndiyo iliyopanga nani acheze na nani, na mtu yeyote mwenye simu na bando angeweza kuingia, awe Nambale, awe Matayos, awe shambani na jembe begani. Mwisho wa msimu, wa kwanza kwenye ngazi aliwakilisha Busia nzima kule Kisumu, kwenye mashindano ya kaunti za ziwa.

Sasa Sharlyne. Sharlyne anashona sare za shule kwenye veranda iliyo mkabala na Bilal. Cherehani ni ya mama yake, kazi ni ya mama yake, hata kile kiti anachokalia, kilicho na mguu mmoja mfupi, mama yake alikikalia mpaka kikafuata umbo lake. Msichana hakuwa na kitu alichokipata mwenyewe isipokuwa huo mchezo. Vidole vinavyopitisha uzi bila kuangalia ndivyo vilivyobonyeza simu, na alikuwa hatari. Lakini alicheza peke yake. Wateja wakiisha alivuka barabara na kiti chake, akacheza mara mbili tatu, akarudi kwa cherehani. Hakuna mtu aliyelingana na saa zake.

Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kule Busia mtaa wa Marachi kulikuwa na kikosi cha vijana watano, kiongozi wao akiitwa Austine. Walikaa chumba kimoja, hedifoni masikioni, na mmoja akiona adui wote wamemwona. Mashine ya Janat iliangalia pointi tu. Ikiona pointi zao zinakaribiana na za Sharlyne, ilimchukua yeye na watu wengine wanne wasiojuana, ikawatupa mbele ya kikosi.

Siku niliyoanza kuelewa, Sharlyne alikuwa amebakiza kidogo tu aingie Dhahabu. Nilisimama nyuma yake, maana kukaa nilishindwa. Wenzake wanne kila mmoja alikimbilia kwake, kama kuku walioona mwewe. Mmoja alipanda mlima, mmoja akajificha msituni mpaka mwisho, wawili wakagombania upanga mmoja. Kikosi cha Marachi kikaja kama mkono mmoja. Mnara ukaanguka na Sharlyne akiwa bado anapigana. Siku iliyofuata akapewa haohao. Ya tatu pia. Aliweka simu mezani taratibu, vile unavyoweka yai, akabeba kiti chake na kuondoka.

Mimi sikulala mchana huo. Nilizunguka soko, nikarudi, nikazunguka. Nikamwambia Bilal ampigie dada yake. Akasema atampigia kesho. Nilipoona hiyo kesho yake haifiki, nikachukua simu yake pale kaunta na kumpigia Janat mwenyewe, tena na tena, mpaka akaona heri aje Malaba kuliko kuishi na mimi sikioni.

Alikuja na kompyuta yake begani na ushungi umefungwa vizuri, akakaa, akaomba maji, akaniuliza ninataka nini hasa. Nikamwambia msafara ukutane na msafara, na gari lililo peke yake likutane na lililo peke yake.

"Mzee Zephaniah, hiyo ninaijua," akasema. "Shida si kujua. Nikiwatenga walio peke yao watangoja. Saa tisa mchana, ukiwakusanya kaunti nzima, hawajazi benchi moja la kanisa. Watangoja, watachoka, watazima simu."

"Si wangoje? Mimi nilikwama hapo mpakani na trela ya nyanya mpaka zikaota. Nilipofika Juba niliuza mavuno ya pili."

"Juzi zilikuwa vitunguu," akasema Bilal bila kuinua macho.

Sharlyne alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mimi naweza kungoja," akasema. "Mtu akinizidi mkono, silalamiki. Lakini wale hawanizidi mkono. Wako na masikio kumi na mimi niko na mawili, halafu mashine yako inasema tuko sawa."

Janat aliweka kikombe chini. Kisha akafungua kompyuta, na maji hakuyamaliza.

Alichofanya baadaye alinieleza mara nyingi, na nitakuambia nilichoshika. Waliokuja pamoja aliwaongezea uzito, ili mashine ijue kwamba watano wanaosikizana ni zaidi ya watano. Akatenga ngazi mbili, moja ya vikosi, moja ya wapweke, na kila ngazi ikapata mtu wake wa kwenda Kisumu. Mpweke hawezi tena kutupiwa kikosi. Na kama mwenzako ambaye humjui anatoroka katikati ya mchezo, ukishindwa hushushwi sana, maana kosa si lako. Mambo haya aliyafikiria yeye na Sharlyne. Mchango wangu mimi ulikuwa kusema "fanya hivyo", nao pia si mdogo.

Ila ile shida ya kungoja ilibaki. Kwa hiyo akaiambia mashine kwamba mpweke akingoja sana, itazame mbali zaidi, ichukue hata wa madaraja ya chini, mradi pande mbili zikijumlishwa zilingane.

Austine alituma sauti ya kumcheka Sharlyne, kwamba sasa ametengenezewa ligi ya mayatima. Sharlyne alianza kupanda ngazi. Alicheza na watu asiowajua dhidi ya watu wasiojuana, akishinda alijua ameshinda, akishindwa alirudi kwa cherehani bila kununa. Wiki za mwisho za msimu, kileleni mwa ngazi ya wapweke wakabaki wawili: yeye, na mtu wa Matayos aliyejiandikisha kwa jina la Trizah, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Leo Trizah mbele, kesho Sharlyne.

Na shule zikawa zinakaribia kufunguliwa. Sare zilijaa verandani mpaka dirisha likazibwa. Sharlyne alikuja mbio, akabonyeza, akangoja. Skrini ikazunguka kale kaduara kake. Mteja akaita kutoka ng'ambo. Akaondoka bila kucheza. Trizah wa Matayos naye, nadhani alikuwa hana watoto wa kushonea, maana aliendelea kucheza tu. Sharlyne alikuwa anakonda. Mimi kiatu kilikuwa kinaisha kwa kuvuka barabara kuangalia jedwali.

Basi nikafanya kitu.

Kwenye chungu cha Amongin mimi nina wenzangu watatu. Ekisa anafuga nyuki. Odeke ni fundi wa baiskeli. Elungat alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na bado ukimpa salamu anaikagua. Nilipowaeleza hali ya Sharlyne, Elungat alifikiri, akanyonya mrija, akafikiri tena. Akasema jambo liko wazi. Sharlyne yuko juu. Sisi tukiingia tutakuwa chini kabisa, Udongo. Mashine inataka pande mbili zilingane. Wengine wote wanaocheza mchana ni wa katikati. Ili mizani ikae sawa, mashine itafanya nini? Itamweka mmoja mzito pamoja na wanne wepesi. Sisi tuko wangapi?

Odeke akasema hajui hata kuwasha data. Tukamfundisha.

Tulijiandikisha kila mtu kivyake, wapweke wanne wasiojuana. Nataka uelewe kwamba hatukuwa wachezaji wabovu. Wa kwanza wetu alikufa mchezoni kwa kuanguka mtoni, hiyo ni kweli, na Ekisa kwa siku nzima alikuwa akipiga mnara wetu wenyewe. Lakini tulikuwa na kitu ambacho wale wapweke wa upande wa pili hawakuwa nacho. Tulikuwa tumekaa goti kwa goti. Odeke akiona mtu nyuma ya ukuta, anasema kwa Kiteso tu, bila haraka, kama anaomba chumvi, na sote wanne tunageuka. Vijana wenye vidole vya umeme walikuja mmoja mmoja na tukawapokea wanne wanne. Siku moja, na hii Ekisa ni shahidi, nilimpiga adui mmoja kwa nguvu mpaka simu yake ikazima kule Nambale.

Kujua saa ya kuingia hakukuwa kazi. Kile kiti cha mguu mfupi kikiwekwa sakafuni kwa Bilal kiligonga mara mbili, tukakisikia kupitia mabati, tukabonyeza. Mashine ikafanya vile Elungat alivyosema. Si kila mara, lakini mara nyingi. Sharlyne akawa hangoji tena. Akawa anashinda. Jumatano akampita Trizah, Alhamisi akamwacha mbali, na nikamsikia ukutani akicheka peke yake. Wiki hiyo nilikaa kwenye kiti bila kusimama kwa mara ya kwanza tangu nistaafu. Nilifikiri nimepona.

Ijumaa mchana Janat akaja.

Nilimsikia akiingia dukani akimpongeza Sharlyne. Kiti kikagonga. Tukabonyeza. Mchezo ukaanza, na kupitia mabati nikamsikia Janat akimwambia Bilal awashe skrini kubwa, anataka kuangalia huu moja kwa moja, kwa sababu kuna jambo kwenye mechi za wiki hii limemsumbua. Kuna wachezaji wanne wa Udongo, akasema, wageni, hawahusiani kabisa. Na kuna wakati wote wanne wanasimama.

"Neti imekatika," akasema Bilal.

"Haijakatika. Wameunganishwa. Wanasimama tu katikati ya vita, kama milingoti. Halafu wote wanaanza kutembea pamoja."

Mrija ulinitoka mdomoni. Nilimwangalia Elungat na yeye akaniangalia, na nikaona jasho likianza juu ya mdomo wake. Maana tulikuwa tumejua jibu kwa pamoja.

Mgeni wa chungu hawezi kujua, kwa hiyo nikueleze. Ajon inanywewa kwa maji ya moto. Chungu kikipungua, Mama Amongin anakuja na birika lake na kumimina juu ya wimbi. Wakati anamimina, kila mtu lazima ashike mrija wake kwa mkono wa kulia, autulize, mpaka amalize. Mkono wa kushoto ni matusi. Ukiuachilia mrija, maana yake umeondoka chunguni, na nafasi yako anapewa mwingine. Nimeona watu wakipigiwa simu za msiba na bado wanashika mrija mpaka birika liinuke. Ni jambo la mwili. Hufikirii. Kwa hiyo wiki nzima, kila birika lilipokuja, wapweke wanne kutoka pande zote za kaunti walikuwa wamesimama vitani wakiwa na kidole gumba kimoja cha kushoto, hawawezi kupiga wala kukimbia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameligundua.

Nilimfanyia Mama Amongin ishara kwamba leo chungu kiko sawa. Mama Amongin akakiangalia chungu, akaniangalia mimi, akaniuliza tangu lini ninamfundisha kazi. Nikaonyesha ukuta kwa kidevu. Hakuelewa. Ni mwanamke mwenye sauti, Mama Amongin. Ameita watu kutoka ng'ambo ya reli.

"Shikeni mirija," akasema. "Maji ya moto."

Tukashika. Naapa nilijaribu kuendelea na kidole cha kushoto. Mtu wangu alizunguka palepale kama ng'ombe wa kusaga. Ekisa alifumba macho.

Upande wa pili wa mabati Janat akasema polepole, "Wamesimama. Wote wanne." Na birika lilipoinuka, "Wameanza." Nikasikia Bilal akivuta pumzi, mtu aliyeishi na ukuta ule miaka na anajua kila sauti yake, na nikajua imekwisha.

Walizunguka nyuma. Janat alisimama kwenye mlango wa kilabu, ushungi ukiwa umevutwa mpaka puani kwa sababu ya harufu, na Sharlyne nyuma yake. Sisi wanne simu mkononi, mirija mdomoni. Nilimweleza Janat kwamba hatujuani. Nikasema nimeingia hapa leo kwa mara ya kwanza, kukwepa jua. Elungat, ambaye goti lake lilikuwa juu ya goti langu, akasema jina langu hajawahi kulisikia. Lakini Odeke alikuwa amechoka.

"Zephaniah," akasema, "mwambie ukweli basi. Maji yanapoa."

Janat hakukasirika vile nilivyotarajia. Alikaa kwenye kigoda cha karibu, akafungua kompyuta magotini, na kuniambia kwa heshima zote kwamba hili ndilo jambo moja ambalo mashine haikuliona, watu wanaoketi pamoja na kubonyeza kila mtu kivyake, na kwamba alikuwa amewatarajia akina Austine walifanye, si baba zake. Kisha akaanza kufuta. Kila mchezo tuliokuwamo ulifutwa. Tulisikiliza vidole vyake, na hakuna aliyekunywa.

Sharlyne alimwacha amalize. Akaangalia jedwali, akaona jina la Trizah limerudi juu ya lake. Akanigeukia.

"Mzee, ulifikiri siwezi?"

Nikamwambia hapana, nilitaka kumsaidia, alikuwa anangoja sana, sare zilikuwa nyingi.

"Hii wiki nimeenda nyumbani nikimwambia mama nimepata kitu changu. Changu, mzee. Si cherehani yake. Nimemwambia nacheza na watu hata siwajui na nashinda. Sasa nitamwambia nini? Hata zile nilizoshinda bila nyinyi, mimi nitajuaje ni gani?"

Nikavua kofia, nikaangalia ndani yake. Mimi, mtu wa nyanya zilizoota. Ekisa ndiye aliyesema, akiangalia chungu, kwamba mtu akiharibu kazi ya mwenzake anatoa jogoo, hata watoto wanajua. Nikasema nitatoa. Sharlyne akasema jogoo ni sawa, lakini kwanza kesho.

"Kesho ni siku ya mwisho. Utakuja kwa Bilal. Utakaa kwa kiti mchana wote. Hutasimama, hutasema neno. Nataka nione nikicheza na wewe uko pale na hufanyi kitu."

Kama angeniambia nilipe trela ningelala vizuri zaidi.

Jumamosi alifunga cherehani mapema, sare zikiwa hazijaisha, wateja wakinung'unika. Mimi nilipewa kiti cha plastiki karibu na skrini kubwa, ili kila mtu anione. Bilal alinikalisha mwenyewe. Wenzangu watatu walikuwa ng'ambo ya mabati, na Mama Amongin alikuwa amezikusanya simu zao na kuziweka ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Sharlyne alibonyeza, kaduara kakazunguka. Kakazunguka mpaka nikaanza kuhesabu mizunguko yake, nikapoteza hesabu. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga mafuta peke yake. Alipata mchezo, akashinda. Akangoja tena. Akashindwa. Akangoja, akashinda. Kila aliposhinda, jina lake lilisogea karibu na la Trizah, kisha Trizah naye alicheza huko Matayos na kusogea mbele. Niliona adui akijificha nyuma ya ukuta na Sharlyne anamwendea bila kujua. Nilivua kofia yangu na kuiuma. Alimwona mwenyewe. Bilal akanitazama, akaniletea chai ili mdomo upate kazi.

Jioni ikiwa karibu akampita Trizah. Kidogo tu. Kukabaki muda wa mchezo mmoja, na Trizah alikuwa ameshafunga siku yake. Sharlyne angeweza kuzima simu, na nilimwombea azime. Nilimwomba kwa nyusi. Aliniona, akabonyeza.

Miongoni mwa wale wanne aliopewa alikuwamo mmoja aliyejiandikisha Robinson, boda wa Nambale. Alikuwa mchezaji, huyo. Yeye na Sharlyne hawakuwa wakisikiana lakini walijipanga kama walioshona nguo moja, mmoja mkono wa shati na mwingine kola. Walifika mnarani. Mnara ulikuwa umeshaanza kupasuka. Na hapo Robinson akasimama. Kisha jina lake likawa la kijivu. Amepata abiria, bila shaka, mtu amepanda nyuma na kusema twende. Upande wake ukabaki na wanne, na wanne wakawa watatu, na Sharlyne alipigana mpaka dakika ya mwisho huku mnara wake unaanguka nyuma yake.

Alishindwa.

Hakuweka simu mezani. Aliishika tu. Mimi nilikuwa nimejaa kama mfuko wa hewa, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye kwa uchovu alikuwa amelisahau, alilolipanga yeye mwenyewe na Janat: anayeachwa na mwenzake hashushwi sana. Nilijua na sikuruhusiwa kusema. Machozi yalinitoka. Bilal alifikiri ni ya huruma.

Jedwali likajipanga upya. Jina la Sharlyne likashuka, likashuka kidogo, likasimama. Juu ya Trizah. Unyoya tu, lakini juu.

Simu ya Bilal ikalia, na Janat akasikika kutoka Busia, sauti yake ikiwa juu kuliko kawaida, akimwambia Sharlyne aandae nguo za Kisumu. Sharlyne aliuliza mara mbili kama kuna mchezo wowote wetu umebaki humo ndani. Janat akasema hamna hata mmoja. Ndipo akakaa chini vizuri, akafunika uso kwa mikono.

"Sasa unaweza kusema, mzee," akaniambia baada ya muda.

Na unajua, sikupata la kusema.

Jogoo aliliwa kwangu Jumapili. Walikuja Sharlyne na mama yake, Bilal na Janat, na wale watatu wa chungu. Bilal alimchinja mwenyewe ili kila mtu aweze kula. Zilpa alipika kwa mikono miwili na kunicheka kwa mdomo mmoja. Sasa, kwetu, na sidhani nahitaji kukuambia, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Tangu nioe hakuna mwingine aliyeila chini ya paa langu. Hata askofu alikuja na hakupewa. Sahani zilipozunguka, Sharlyne akachungulia sufuria, akaniangalia.

"Mzee, na firigisi?"

Nikaeleza. Nikasema huyu jogoo alikuwa wa ajabu, alizaliwa bila firigisi. Nikasema daktari wa mifugo alitoka Matayos makusudi kuja kumpima, akashangaa, akaandika barua Nairobi. Chakula chake alikuwa anakitafuna kwa shingo. Nikaenda mbali, nikafika mpaka Juba, ambako niliona kuku wengi wa namna hiyo.

Zilpa alikuja na mwiko, akainua paja lililokuwa kwenye sahani yangu, lile nililojipakulia mwenyewe nikiwa wa kwanza jikoni. Chini yake firigisi ilikuwa imelala imeiva vizuri, inang'aa mafuta.

Nikachukua kijiko. Nikaiinua polepole, nikaiweka kwenye sahani ya Sharlyne.